Mnatuuzia Lofoi ya mwezi wa tatu katika mwezi wa kumi, na ukingoni hakuna hata kamba

Bandugu wa L'shi (Lubumbashi), Likasi na popote mlipo, nimesubiri vya kutosha. Nimewapigia simu waandaaji wa safari ya Lofoi, haipokelewi. Nimeuliza kuhusu tangazo lao kwenye kundi la WhatsApp la safari, nikatolewa usiku huohuo pamoja na dada mwingine aliyeuliza swali lilelile. Jina lao silitaji humu, maana wanaofanya hivi si wao peke yao na sitaki uzi uishie kwenye kutukanana. Lakini jambo lenyewe nitalisema lote.

Tangazo mmeliona, au mmeona linalofanana nalo. Picha ya maporomoko ya Lofoi, hapa kwetu Katanga, Kongo: maji meupe yanamwagika kutoka uwanda wa juu wa Kundelungu, bonde lote ni la kijani, ukungu umepanda hadi nusu ya jabali. Chini yake maneno: wikendi ya mwezi wa kumi, dola 120 kwa kila mtu, usafiri na chakula ndani yake, "njia rahisi, wazee na watoto karibuni". Nikalipa. Nikamlipia na mama mkubwa wangu, aliyekulia Likasi akisikia habari za Lofoi tangu utoto na hajawahi kufika. Hela hiyo aliijua ilivyopatikana, akaniombea baraka njia nzima.

Tulichokuta ni mstari mwembamba wa maji juu ya mwamba mweusi. Kabla haujafika chini upepo ulikuwa umeshautawanya. Bondeni kumejaa moshi wa mioto ya nyasi, tambarare ya Lufira ambayo ndiyo tuliyoahidiwa kuitazama kutoka juu haikuonekana kabisa. Mama mkubwa alitazama, akatazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, maporomoko yenyewe yako wapi?" Kijana wa waandaaji akamwahi: "Ni hayo pale, mama. Mwaka huu mvua imechelewa."

Mvua haikuchelewa! Sisi tunaoishi Katanga tunajua mvua inashika mwezi wa kumi na moja na kuisha wa tatu, wa nne. Kuanzia wa tano mpaka wa tisa hainyeshi. Mwezi wa kumi ni wa jua kali, mawingu ya kututishia na pengine matone ya kulaza vumbi. Na mto Lofoi si Luapula. Ni mto mdogo, unakusanya maji yake juu ya uwanda kwenye nyika za nyasi, kisha unafika ukingoni na kuanguka zaidi ya mita 340. Kwa urefu huo unatajwa miongoni mwa maporomoko marefu kabisa ya Afrika, na unastahili. Ila urefu hauleti maji. Baada ya miezi yote ile mikavu, kinachofika ukingoni ni kijito, na kijito kikiachiwa kutoka urefu ule kinapeperuka. Ni hivyo kila mwaka. Mbuga ya Taifa ya Kundelungu ipo tangu 1970, walinzi wake wanajua msimu wa maji yao, wanavijiji wanaujua tangu kwa mababu. Anayeuza safari ndiye asiujue? Anaujua. Angekuwa haujui asingekwenda kutafuta picha ya mwezi wa tatu.

Wengi humu mmevuka mpaka wa Kasumbalesa mkaenda Livingstone. Upande ule wa Zambia wa Mosi-oa-Tunya, yaani maporomoko ya Victoria, mwezi wa kumi na wa kumi na moja sehemu kubwa ya ukuta inabaki mwamba mtupu, na watu wa pale wanaoishi kwa kuongoza wageni wanakwambia kabla hujalipa: ukitaka ngurumo, njoo mwezi wa nne. Sababu pia wanakupa, kwamba maji ya Zambezi hukawia kwenye nyanda za mafuriko za Barotse, ndiyo maana mto unajaa kabisa mvua ikiwa inakwisha au imekwisha. Lofoi haina nyanda za kuutunzia maji kiasi hicho. Uzuri wake ni kuanzia mwezi wa pili hadi mwanzo wa wa nne, basi. Na miezi hiyohiyo barabara ni matope, jipu inazama hadi ekseli, safari ya kutwa moja inakuwa ya mbili. Hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Kiangazi barabara ni kavu, gari zinapita, mafuta ni kidogo, faida ni kubwa. Wanauza wakati unaoifaa gari, wanatia picha ya wakati unaoyafaa maji.

Sisemi kiangazi hakuna cha kuona kule. Kipo! Mwezi wa tisa na wa kumi miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu kabla hata mvua haijagusa ardhi, na ukiwa juu ya uwanda asubuhi mapema, moshi haujatanda, mteremko wote unawaka rangi ambayo mwezi wa tatu huipati. Majabali yenyewe yanaonekana wazi, tabaka juu ya tabaka. Chini, kando ya mto, mushitu, yaani msitu wa mtoni, unabaki kijani na baridi wakati kila kitu kingine kimekauka. Uza hiyo. Sema: hii ni safari ya majabali na msitu, maji ni kidogo. Mimi ningelipa na mama mkubwa angefurahi, kwa sababu angejua anaendea nini.

Na mwenye kutaka maji ya kiangazi ana pa kupelekwa. Kiubo, maporomoko mengine, iko kwenye Lufira, mto mkubwa, upande wa kwenda Mitwaba. Inapungua kiangazi lakini haikauki. Ni mbali, ndiyo. Basi sema ni mbali.

Haya, hilo la maji ni hela yangu imeliwa, ningeweza kumeza. La pili simezi.

"Njia rahisi, wazee na watoto karibuni." Kutoka gari lilipoishia mpaka mahali pa kutazamia, sawa, mama mkubwa alitembea kwa fimbo yake. Kisha wakatangaza kwamba picha nzuri ziko chini, tuteremke kidogo. Hawakusema kidogo hicho ni kiasi gani. Hawakusema mawe yanateleza kwa changarawe, hakuna pa kushika, na kwamba kila unachokishuka utakipanda ukirudi, mchana, kwenye jua la mwezi wa kumi, chupa ya maji ya nusu lita ikiwa imeshaisha. Goti la mama mkubwa likagoma mapema. Kijana wa pili wa waandaaji anamsukuma kwa maneno: "Mama, usiogope, ni hapa tu." Mama wa miaka 67! Nilimrudisha mimi, kivuli kwa kivuli, huku watoto wa mama mwingine tuliyekuwa naye wakilia kwa kiu. Aliyetugawia maji ni mlinzi wa mbuga, kutoka kwenye dumu lake mwenyewe. Hao walinzi sina neno nao.

Na ukingoni. Nisikilizeni hapa vizuri, hasa nyinyi wenye vijana wanaopenda kupiga picha. Kule juu, karibu na mahali maji yanapoanzia kuanguka, hatukuwekewa uzio, wala kamba, wala mstari wa rangi kwenye jiwe. Mwamba uliolowa una utando wa kijani usiouona mpaka umeukanyaga. Mpiga picha wa waandaaji, mtu wao, aliyelipwa kwa hela zetu, anawaambia vijana, "Songa nyuma kidogo, tupate na bonde." Nyuma ya nini? Nyuma ni mita 340! Kijana mmoja aliyevaa sandali za plastiki, kisigino kikateleza, akaenda chini kwa kiuno, na mlinzi yuleyule wa mbuga ndiye aliyemkamata shati. Shati likachanika. Mama yake yule kijana hajui mpaka leo jinsi ilivyokuwa karibu. Waandaaji walicheka, wakasema haya tuendelee, chakula kinapoa.

Hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Hela inarudi au hairudi, lakini safari ijayo mlinzi yule anaweza kuwa hayupo.

Msiniambie hivi ndivyo ilivyo porini kila mahali. Mdogo wangu wa kike anaishi Brisbane, Australia, na nyuma ya miji ile ya pwani kuna misitu ya mvua mlimani, Lamington na Springbrook, imejaa maporomoko na sehemu za kutazamia. Nilipomsimulia, alinitumia picha ya kibao cha mwanzo wa njia ya Purling Brook, maporomoko ya zaidi ya mita 100. Kibao kinasema mzunguko ni kilomita 4, kinasema ngazi ya ugumu, kwa sababu kule njia za miguu hupangwa kuanzia daraja la 1, ambalo hata kiti cha magurudumu kinapita, hadi la 5, ambalo ni la wenye uzoefu. Kinasema unaanza kwa kushuka na kumaliza kwa kupanda. Penye ukingo pana uzio wa chuma. Mvua kubwa ikinyesha, wanafunga njia na kutangaza, hata kama umetoka mbali. Yeye anasema maporomoko yao nayo hupungua sana kipindi kisicho na mvua, na habari hiyo huipati kwa kushtukizwa. Najua Australia ina fedha. Lakini kamba ya mita hamsini na ndoo ya rangi nyeupe zinauzwa soko lolote la hapa mjini, na kusema ukweli kwenye tangazo hakuna bei.

NYONGEZA, baada ya kusoma mlichoandika hapo chini:

Mkubwa wangu uliyesema niende maporomoko ya Mwadingusha kwa kuwa ni karibu: asante, lakini pale Lufira ilizuiwa kwa bwawa la umeme tangu 1930, na maji mengi yanapita kwenye mabomba ya kituo. Ukibahatika utayaona yakimwagika, usipobahatika utaona jabali na mabomba. Ziwa Tshangalele lililotokana na bwawa hilo ni zuri, na ndege wake ni wengi. Ila asikuuzie mtu picha ya zamani.

Kijana uliyeandika kwamba naharibia watu riziki: riziki ya nani? Waliokuwa kwenye lile jipu hakuna hata mmoja atakayerudi, na kila mmoja ana ndugu ishirini. Wenyeji wa vijiji vya kule wanaoijua kila hatua ya njia hawakuajiriwa hata mmoja. Hao ndio wanaoharibiwa riziki.

Mzee uliyeuliza nataka nini hasa, nakujibu kwa heshima. Nataka warudishe nusu ya hela kwa wote tuliokwenda, kwa kuwa usafiri na chakula tulipata, maporomoko hatukupata. Nataka kila tangazo liandike picha ilipigwa mwezi gani. Nataka liseme njia ni kilomita ngapi, inashuka kiasi gani, na nani asiende. Nataka kila kundi liwe na mwongozaji mwenyeji, litembee na maji ya kutosha, lita mbili kwa mtu si nyingi kwa jua lile, na asikaribie mtu ukingo wa juu akiwa na sandali. Na yule mpiga picha asipewe tena kamera mahali penye jabali.

Wale waandaaji, najua mnasoma humu. Namba yangu mnayo.

Wengine nyote: mwenye picha zake mwenyewe za Lofoi, Kiubo au penginepo Katanga, azibandike hapa chini akiandika mwezi na alipopigia, juu au bondeni. Zikitimia za mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili nitazipanga kwenye ujumbe mmoja, ili mtu akiletewa tangazo aje alinganishe kabla hajatoa hela. Naanza na zangu za mwezi wa kumi, zile za mstari mwembamba na moshi.