Naomba ushauri: sindano ya pili ya kupimia joto kwenye ini la mama, ni ya lazima?

Njiapanda: Ndugu wanajukwaa, wakubwa zangu shikamooni. Mama yangu ana uvimbe wa saratani kwenye ini, na madaktari wanataka kuuchoma kwa leza. Pamoja na sindano ya leza, wataingiza nyingine yenye faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo, ya kupimia joto. Je, hiyo ya pili ni ya lazima, ilhali nimesoma kwamba MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hupima joto bila kumchoma mtu sindano?

Mama Subira: Pole sana mwanangu. Marehemu mume wangu alipougua hatukuuliza swali hata moja, na hadi leo linaniuma. Msihofu kuuliza.

Fundi Mwanga: Joto likifika nyuzi 60 hivi, seli hufa mara moja, likipita 100, maji ya mwilini huchemka na nyama hugeuka mkaa unaozuia mwanga kupenya. Kwa hiyo joto la ukingoni mwa uvimbe lazima lijulikane, hasa ukiwa karibu na mfuko wa nyongo. Kipimajoto cha waya wa chuma hunyonya mwanga wa leza na kusoma joto kubwa kuliko lililopo, kasoro ambayo kwa faiba ya kioo ni ndogo mno. Ndani ya faiba huchorwa alama zinazoakisi mwanga wa urefu fulani wa wimbi, na urefu huo husogea takribani pikomita 10 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita) kwa kila nyuzi moja ya joto. Tatizo ni kwamba faiba ikivutwa na pumzi ya mgonjwa, urefu huo wa wimbi husogea vilevile, ndiyo maana huachwa ikiwa legevu ndani ya kijibomba. Lakini kwa nini hawakutaja MRI? Kuna jambo umeliacha.

Njiapanda: Mama ana kifaa cha zamani cha kusaidia mapigo ya moyo, kisichoruhusiwa kwenye MRI. Sikuona kwamba kinahusika. Hata hivyo nimekwisha kumshauri aikatae sindano hiyo, kwa kuwa ini lina damu nyingi na kila tundu ni hatari.

Kalamu Nyeusi: Nashuku kisa hiki kimetungwa. Faiba za namna hiyo hujaribiwa zaidi maabara, kwenye maini ya nguruwe.

Njiapanda: Sijatunga. Ni utafiti, na fomu ya ridhaa ninayo hapa. Niliificha nikihofia mtasema mama anafanyiwa majaribio. Imeandikwa kwamba akikataa kipimo, matibabu yake yataendelea.

Muuguzi wa Zamu: Basi fomu hiyo ni ya mama, wala si yako kumjazia. Muulizeni daktari kama faiba inaweza kupita katika sindano ileile ya leza, na kama joto la ukingoni likipanda, leza itazimwa kwa kufuata kipimo hicho. Ikiwa haizimwi, tundu la pili linawafaa watafiti kuliko yeye.

Njiapanda: Nimemsomea. Ameniomba nimwandikie hilo swali la kuzima leza kwa herufi kubwa, aliulize mwenyewe.