Naogopa kuonyesha mashairi yangu, nianzie wapi?

Mwanagenzi: Wakuu, nina tarbia kadhaa (mashairi ya mishororo minne kila ubeti) daftarini. Kila nikitaka kumpa mtu asome, moyo unasita. Nifanyeje?

Bintimvita: Tenganisha hofu mbili, ya arudhi (kanuni za utunzi) na ya maudhui. Ya arudhi unaimaliza mwenyewe. Soma kwa sauti ukihesabu silabi kwa vidole: 8 ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), 8 utao (nusu ya pili), mishororo 4 kila ubeti. Wengi huteleza kwenye "mtu" na "nchi". Kila moja ni mizani (silabi) 2, si 1. Kagua na vina (silabi zinazofanana sauti), vya kati na vya mwisho. Shairi likikaa sawa, msomaji hakwami kwenye hesabu, anazungumzia ulichosema.

Mzee Kibwagizo: Nakazia. Ila usimuulize "ni zuri?" Atajibu "zuri sana" na shaka itabaki palepale. Mpe shairi moja tu, na swali mahususi: ni mshororo gani ulikulazimu kurudia kusoma? Awe mpenzi wa mashairi, mmoja. Kundi la WhatsApp la watu 200 liache kwanza. Wakinyamaza utadhani wamelikataa, kumbe hawajalifungua.

Bintimvita: Na akikosoa usijitetee. Andika maneno yake pembeni, urekebishe kesho yake.

Mwanagenzi: Shukrani. Naanza na lile la beti 4.