Mrejesho: yule mzee fundi viatu, watu wake wamepatikana

Niliwauliza juu ya yule mzee fundi viatu wa hapa Kayole aliyefariki na hakuna mtu anajua kwao. Sasa watu wangu, ndugu wamepatikana! Kitambulisho hakikuonekana kwa nyumba lakini polisi walichukua alama za vidole zikalinganishwa na za usajili wa watu, jina likatoka na hadi sablokesheni (lile eneo dogo la utawala la kwao), kumbe ni mtu wa Kitui, Ukambani, na sisi miaka yote tunamwita Mluhya juu alikuwa anashabikia Ingwe, ile timu ya AFC Leopards inayopendwa na Waluhya. Aliyesema niachane na kuposti picha nimtafute chifu wa huko, asante sana, chifu alimtuma naibu wake, naibu akatangaza kanisani Jumapili, jioni dadake mzee akanipigia analia hadi nikashindwa kuongea. Na ilikuwa karibu tuchelewe, mochari wakishatoa tangazo gazetini na muda uishe bila mtu kujitokeza wanaenda korti kuomba kibali cha kuzika. Saa hii shida ni bili ya mochari, tumeomba ipunguzwe, mafundi wa stage wanachanga. Atazikwa kwao, tarehe nitawaambia.