Hewa Ilinisikia (kikundi cha familia)

Mama: Zawadi umeshatua? Simu yako inaita tu haipokelewi.

Baraka: Mama, simu huwa anaiacha kabatini kabla ya kupanda ndege kwenda kuruka kwa mwavuli. Tumpe muda.

Shangazi: Nimekaa na simu mkononi tangu saa nane. Wifi, tuvumilie tu.

Zawadi: Nimetua salama. Shikamooni wote.

Mama: Marahaba mwanangu. Ashukuriwe Mungu.

Shangazi: Marahaba. Sasa nimepumua.

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Umetua kwa miguu au kwa makalio?

Zawadi: Kwa miguu mjomba, nikatembea hatua mbili nikasimama. Nina jambo la kuwaambia. Nimeona niliandike hapa mlisome wote kwa pamoja, maana nikianza kumpigia mmoja mmoja nitalia.

Shangazi: Usitutishe mtoto wewe.

Zawadi: Ni la heri shangazi. Nimeupenda huu mchezo. Leo ndiyo nimejua kwamba nimeupenda, na ninaijua hata sekunde nilipojua.

Baraka: Mbona siku ile ya kwanza ulisema hivyo hivyo? Ile ulipofungwa kifuani kwa mwalimu.

Zawadi: Siku ile nilisema imenoga kwa sababu sikupata neno jingine. Nilikuwa abiria. Mwalimu ndiye aliyetazama mwinuko, ndiye aliyefungua mwavuli, ndiye aliyetutua. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na nilipofika chini sikukumbuka hata ardhi inafananaje kutoka juu. Nilikuwa nimeshtuka kwa furaha, lakini mshtuko ulipopoa niliona bado sijakutana na kitu chenyewe. Ndiyo maana nikajiandikisha kozi ya kuruka mwenyewe. Nilitaka kujua kuna nini mle ndani.

Zawadi: Na kwenye kozi siku za mwanzo walimu wawili wanakushika, mmoja kila upande, mpaka mwavuli ufunguke. Kichwa kimejaa: pinda mgongo, tazama upeo wa macho, soma kipima mwinuko, gusa mahali pa kuvuta mwavuli, rudia tena. Mtu hana nafasi ya kupenda chochote. Anafanya kazi.

Mama: Na leo kulikuwa na nini?

Zawadi: Ngoja niandike vizuri.

Zawadi: Leo mlango ulifunguliwa tukiwa kama mita 4,000. Kule baridi inazidi ya huku chini kwa zaidi ya digrii 20, inaingia ndani ya ndege yote kwa mkupuo. Nikasimama mlangoni, tukahesabu na mwalimu kwa kuyumbisha mwili, nje, ndani, kisha tukatoka. Sekunde kumi na kitu za mwanzo mwili bado unaongeza kasi. Ukikaribia kilomita 200 kwa saa hauongezi tena, kwa sababu hewa inayokusukuma kutoka chini imelingana na uzito wako. Kuanzia hapo hisia ya kuanguka inakwisha. Unakuwa umelalia kitu kizito, chenye kelele, kinachokubeba tumbo na mapaja. Nikatazama upeo, nikasoma mwinuko, nikamtazama mwalimu. Akanipa ishara kwamba mwili wangu umetulia. Kisha akaniachia.

Mama: Akakuachia?!

Zawadi: Akaniachia mama, ndilo somo la leo. Alikuwa mbele yangu pale pale, tunatazamana usoni, anaweza kunifikia wakati wowote. Kazi yangu ilikuwa kugeuka upande mmoja, kusimama, kugeuka upande wa pili, kusimama. Nilishalifanyia mazoezi chini, nimelala kifudifudi kwenye kigari chenye magurudumu.

Zawadi: Nikashusha mkono wa kushoto kidogo, pengine upana wa vidole vitatu. Mama, dunia yote ikaanza kuzunguka. Milima ikapita, mto ukapita, wingu moja jeupe likaja mbele yangu. Nikausawazisha mkono, ikasimama. Nikashusha wa kulia, vyote vikarudi kinyume chake, wingu, mto, milima, mpaka uso wa mwalimu. Hewa ilinisikia. Nilikuwa nimeiomba jambo dogo na ikanifanyia. Nikaelewa kwamba muda wote ule nilidhani naangushwa, kumbe nilikuwa nimepewa mwili mwingine ambao sijajifunza kuutumia. Na papo hapo, bado nikiwa na sekunde kadhaa kabla ya kuvuta, nikajua: hiki nitakifanya maisha yangu yote. Nilitabasamu mpaka upepo ukanijaza mashavu.

Zawadi: Halafu kipima mwinuko kikasema wakati umefika, nikapunga mikono kuonya, nikavuta.

Shangazi: Nimesoma mara mbili. Mwili umenisisimka. Lakini niulize, tumbo halipandi kooni? Mimi hata lifti ikishuka ghafla nashika ukuta.

Zawadi: Halipandi shangazi, na kila mtu huuliza hilo. Lifti inakutoa kwenye kusimama, inakudondosha. Ndege inakuwa tayari inakwenda mbele kwa kasi kubwa, na wewe unatoka nayo hiyo kasi. Upepo unaanza kukupiga kutoka mbele, halafu pole pole unageuka hadi unakupiga kutoka chini. Kasi ya mbele inapungua huku ya kushuka inaongezeka, hakuna mahali panapokatika ghafla. Tena ardhi iko mbali mno, macho hayaioni ikikujia. Ukitaka kuielewa hewa hiyo, toa kiganja nje ya dirisha la gari linalokimbia, kiinamishe kidogo, uone kinavyopanda na kushuka. Sasa fikiria kiganja hicho ndiyo wewe mzima.

Shangazi: Basi nimepata picha.

Mjomba: Mpwa wangu, nimekaa kimya nikisoma. Mnajua mimi niliruka nikiwa jeshini, lakini sijawahi kuieleza hapa. Sisi tulitolewa chini sana, mita mia tatu na kitu. Mkanda wa mwavuli umefungwa kwenye waya ndani ya ndege, ukitoka unajivuta wenyewe. Hakuna kuanguka huru. Mwavuli ni wa duara, unakwenda upepo unakotaka, mzigo unaning'inia chini yako, unabana miguu, unajiviringisha ukigusa ardhi. Kutoka mlangoni mpaka chini haifiki dakika moja na nusu. Tuliruka kwa amri, tukafika, tukakimbilia kukusanyika. Nilijivunia sana, na bado najivunia. Ila hii ya hewa kukusikia sikuipata hata siku moja. Hakukuwa na muda wa kuiomba kitu.

Zawadi: Mjomba, umenitoa machozi.

Mjomba: Ninyi mwavuli wenu ni ule wa mstatili, siyo?

Zawadi: Ndiyo, una vyumba ndani, mbele viko wazi. Hewa inaingia kwa mbele inaujaza, unakuwa bawa kamili. Unaelea kwenda mbele, unauongoza kwa vishikio viwili, na ukikaribia ardhi unavivuta vyote chini kwa pamoja, unapunguza mwendo, ndiyo maana leo nilitua kwa hatua mbili tu.

Baraka: Hili la hewa kusikia ni kweli kabisa kisayansi. Mrukaji wa Austria, Felix Baumgartner, aliporuka tarehe 14 Oktoba 2012 kutoka kilomita 39 hivi, alifika zaidi ya kilomita 1,350 kwa saa, akaupita mwendo wa sauti. Lakini kule juu hewa ni nyembamba mno, hakuna cha kukishika. Akaanza kuzunguka ovyo. Aliposhuka kwenye hewa nzito ndipo mikono na miguu yake ikaanza kufanya kazi, akatulia. Na Mmarekani Joe Kittinger mwaka 1960, aliyetoka kilomita 31, alieleza kwamba mwanzoni hakuhisi hata kama anaanguka, maana hapakuwa na upepo wa kumwambia.

Zawadi: Baraka! Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Kwa hiyo mimi sijapenda kwenda juu. Nimependa hewa.

Baraka: Na shangazi, wanawake wamo humu tangu zamani. Mmarekani Tiny Broadwick, mwaka 1914, aliwaonyesha wanajeshi jinsi ya kuruka bila kufungwa kwenye ndege, akaufungua mwavuli kwa mkono wake. Hakuna anayejulikana kuwahi kufanya hivyo kutoka kwenye ndege kabla yake.

Shangazi: Mwaka 1914! Zawadi, basi una bibi zako huko angani.

Mama: Mmefurahi wote, nami nimesoma kila neno. Naomba niulize kama mama. Mwanangu, umependa hewa au umependa hatari? Maana hatari nayo hupendwa, na anayeipenda huiongeza kila siku.

Zawadi: Mama, ni swali la haki na nimejiuliza kabla yako. Hatari ipo, sitakudanganya. Watu huumia na wengine hufa, hata wazoefu, na wengi huponzwa na maamuzi mabaya karibu na ardhi huku mwavuli wao ukiwa mzima juu ya kichwa. Lakini leo nilipojua nimependa, moyo ulikuwa umetulia. Anayefuata hatari angetaka kuvuta kwa kuchelewa. Mimi nilivuta pale pale nilipoambiwa na sikuona nimepunjwa.

Mama: Na ukivuta usifunguke?

Zawadi: Mgongoni nina miavuli miwili. Mkubwa ukifunguka vibaya, kuna kishikio cha kuukata na kingine cha kuufungua wa akiba. Huo wa akiba haukunjwi na mtu yeyote tu, ni fundi mwenye leseni. Na kama nikizimia, kuna kifaa kidogo kinachopima kasi na mwinuko. Kikiona bado naanguka kwa kasi na ardhi iko karibu, kinakata uzi unaolifunga begi la akiba, mwavuli unatoka bila mimi kugusa kitu. Tunafanya mazoezi ya kukata na kuvuta kila siku ya kuruka, tukiwa chini, mpaka mikono ijue yenyewe.

Mama: Na walimu wako wanaweza kusema hapana?

Zawadi: Wanasema sana. Wanafunzi tumewekewa kikomo cha upepo cha chini kuliko wazoefu, kwa hiyo mara nyingi unakaa nje unawatazama wenzako wanapanda. Na wiki iliyopita tulipaa mpaka juu kabisa, wingu likaja likaziba chini, mwalimu akatikisa kichwa, tukateremka na ndege. Niliumia. Nilikaa kwenye benchi la ndege na vifaa vyangu vyote nimevivaa, nikashangaa kwa nini naumia kiasi kile kwa kitu ninachokiogopa. Nadhani mapenzi yalikuwa yameshaanza, nilikuwa sijayatambua.

Mama: Bado unaogopa?

Zawadi: Mlangoni, ndiyo. Kila mara. Nikitoka woga unabaki kwenye ndege.

Mama: Basi hilo la mwalimu kutikisa kichwa limenituliza kuliko vifaa vyote ulivyovitaja. Mtu anayeweza kumrudisha mwanangu chini akiwa ameshafika juu, huyo namwamini.

Mjomba: Dada umesema. Hata jeshini yule tuliyemheshimu zaidi ni aliyeweza kusimamisha zoezi.

Mama: Zawadi, utaruka tena lini?

Zawadi: Jumamosi, hali ya hewa ikikubali.

Mama: Nakuja. Sitaki tena kukaa na simu. Niambie nisimame wapi na nitazame nini.

Zawadi: Mama!! Kweli?

Mama: Kweli. Nieleze kabla sijabadili mawazo.

Zawadi: Kuna eneo la wageni karibu na mahali pa kutua, wenyeji watakuonyesha. Utasikia ndege kabla ya kuiona. Ikipunguza mlio, ujue wameanza kutoka. Sasa sikiliza hili vizuri: sisi wanafunzi hutoka karibu na mwisho, na tunafungua juu zaidi, kama mita 1,500 au kuzidi. Kwa hiyo wazoefu watafungua chini yetu, watashuka haraka, watatua, watakunja miavuli yao, na mimi bado nitakuwa juu. Usiogope kuona wazoefu wote wamefika na mimi bado. Ndivyo inavyotakiwa. Mwavuli wa mwanafunzi pia ni mkubwa na unakwenda taratibu.

Shangazi: Ni vizuri umesema, la sivyo tungezimia pale.

Zawadi: Nitageuka mara tatu nikikaribia: nitapita na upepo mgongoni, nitakata kwa pembeni, kisha nitauelekea upepo kutua. Ukiona nakupa mgongo na kwenda mbali, bado niko kwenye njia yangu.

Mjomba: Dada, nitakuja nikuchukue. Nitakaa nawe nikuonyeshe upi ni wake.

Mama: Asante kaka. Uje mapema.

Shangazi: Na mimi mnipitie.

Baraka: Nitaleta darubini.

Zawadi: Mwavuli wangu ni wa bluu na njano. Mama, ukiniona nimeshika ardhi usikimbilie uwanjani, kuna wengine nyuma yangu. Nitakuja mimi mlipo.