Naomba ushauri: nampeleka mama Madagaska kuona mibuyu na mawe ya Tsingy

Habari zenu wakuu. Oktoba natarajia kwenda Madagaska na mama yangu, ana miaka 63. Amekulia Dodoma, mibuyu anaijua. Lakini nilipomwonyesha picha ya ile ya karibu na Morondava, imenyooka kama nguzo na vitawi vichache juu kabisa, aliishika simu muda mrefu, akasema, "Huu si mbuyu wetu, mwanangu. Nipeleke."

Nimepanga tulale msitu wa Kirindy siku mbili, natamani sana kumwona fosa, yule mnyama mwindaji wa Madagaska, kisha kijiji cha Bekopaka kwa ajili ya Tsingy. Najua kuna pantoni mbili njiani, na mvua zikianza barabara haipitiki.

Kinachonisumbua ni goti la mama. Tsingy Kubwa ni mawe ya chokaa yaliyochongoka, unapanda ngazi na kuvuka madaraja ya kamba ukiwa umefungwa mkanda. Je, Tsingy Ndogo ataiweza? Na kutoka Morondava hadi Bekopaka, Land Cruiser ikitikisika siku nzima, mtu mzima anastahimili au tugawe safari kwa kulala Belo, mji ulio njiani?

Kifaransa hatujui kabisa. Waliofika, nisaidieni tafadhali.