Wenye yadi za magari, acheni kung'oa tairi za kiwandani na kutufungia rimu za inchi 18!

Wakuu, nina hasira, na huu uzi utakuwa mrefu kidogo.

Kuna yadi hapa Dar imeniuzia Toyota Premio kutoka Japani ikiwa na rimu za inchi 18 zinazong'aa, tairi 215/40R18. Nikaambiwa gari "limeshapendezeshwa". Tukazunguka nalo kwenye lami laini, likatulia vizuri, nikalipa. Kuingia nalo barabara ya vumbi kwetu Goba, kila kokoto naisikia kwenye uti wa mgongo. Rasta za barabara kuu (vile vituta vidogo vya mfululizo) ndiyo usiseme, dashibodi nzima inalia. Mama yangu ana shida ya mgongo, na sasa siku za kliniki anaomba nimwitie bajaji.

Nikarudi kulalamika. Jibu: "Bosi, hizo shokapu zimechoka, badilisha." Nimebadilisha mbele na nyuma, hela imetoka, gari liko vilevile. Fundi mmoja mtu mzima ndiye aliyefungua mlango wa dereva akanionyesha kibandiko kwenye nguzo. Maandishi ni ya Kijapani, ila namba zinasomeka: 195/65R15. Nikawauliza watu wa yadi, rimu na tairi za inchi 15 zilizokuja na gari ziko wapi. Wakanijibu bila hata aibu kwamba zilishauzwa.

Sasa tufanye hesabu, maana hawa jamaa wanategemea hatuifanyi. Kwenye 195/65R15, 195 ni upana wa tairi kwa milimita, na 65 ni asilimia ya upana huo inayokupa kimo cha ubavu. Inatoka karibu milimita 127. Zangu, asilimia 40 ya 215 ni 86. Milimita 41 zimekatwa, theluthi nzima ya ubavu! Kwa macho hugundui, kwa sababu kipenyo cha nje kinakaribiana sana, kama 634 kwa 629. Ndiyo maana zinaenea kwenye fenda na spidi mita haibadiliki sana. Lakini pale palipokuwa na upepo sasa pamekaa alumini.

Na ule upepo ulikuwa unafanya kazi ya springi. Tairi ikikanyaga jiwe, ubavu unabonyea kwanza, halafu springi na shokapu zinapokea kilichobaki. Ubavu mfupi hauna pa kubonyea, kwa hiyo pigo linapanda zima zima kwenye bushi, kwenye bodi na kwenye kiti alichokalia mama. Ongeza kwamba rimu kubwa za bei rahisi mara nyingi ni nzito, na uzito wa gurudumu uko chini ya springi, kwa hiyo springi haziulainishi. Shokapu mpya zingesaidia nini hapo?

Linalonikera kuliko yote ni namba ambayo muuzaji hakuigusa kabisa. Angalia ubavuni, baada ya saizi. Tairi za kiwandani za gari hili ni 91, msimbo wa uzito unaomaanisha tairi moja inabeba hadi kilo 615. Zangu zimeandikwa 85, kilo 515. Kilo 100 pungufu kila tairi, kwenye gari la familia linalojaa watu na mizigo Desemba kwenda Moshi! Na kwa kuwa upepo ni mchache, inabidi ujazwe kwa nguvu zaidi ili ubebe uzito uleule, hapo gari linazidi kuwa gumu. Kijana wa pancha ananijazia upepo wa PSI 40 "ili rimu isipinde". Imepinda. Ya mbele kushoto ina bonyeo ukingoni, na ubavu wa tairi yake umetoa uvimbe kama yai. Uvimbe huo maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Nilikuwa naendesha familia juu ya hiyo tairi.

Najua watakuja watu wa Toyota Crown Athlete kusema rimu zao ni 18 na ziko poa. Sawa, kiwanda kiliipanga Athlete na 18 zake, springi na shokapu zikapangwa humo humo, na bado mwenye Crown Royal Saloon ya rimu za 16 anakaa kwa raha zaidi. Kwenye lami nzuri na kona za kasi, ubavu mfupi una faida yake, sibishi. Mimi naishi Goba.

Ninachodai: gari liuzwe na saizi ya kwenye kibandiko. Mkibadilisha, mnunuzi aambiwe kabla hajalipa, na zile za mwanzo akabidhiwe, ni mali yake. Barua ya kwenda FCC (Tume ya Ushindani, inayolinda walaji) naiandaa wiki hii.

Mwenye rimu za 15 za Premio, hata za chuma zenye kofia, aje PM na bei. Na wote mliouziwa hivi, fungueni mlango wa dereva sasa hivi, wekeni hapa saizi ya kibandiko na saizi mliyofungiwa.