Pua iliyopinda: sindano au upasuaji? Waliopitia nisaidieni

Bint Kisauni
Salaam nyote. Nina miaka 27. Darasa la saba nilianguka kwenye bembea nikavunjika pua. Nyumbani nikakandwa maji ya moto, yakaisha hapo. Sasa imelalia kushoto, mgongoni ina nundu, na usiku tundu la kulia ni kama limetiwa pamba. Nalala mdomo wazi, naamka koo limekauka. Binamu yangu ataka nikadungwe sindano za kujaza kwenye saluni fulani, eti nusu saa tu nimemaliza. Daktari wa masikio, pua na koo asema upasuaji. Nyinyi mlichagua nini?

Zuhura wa Majengo
Pole shoga. Mimi nilidungwa, lakini kwa daktari wa ngozi. Nilikuwa na nundu tu, pumzi zangu sawa. Ile ni asidi ya hayaluroniki, kama jeli. Hujaza juu na chini ya nundu ili mgongo uonekane umenyooka. Nundu yenyewe iko pale pale, na pua huongezeka kidogo, haipungui. Siku hiyo hiyo nilipanda matatu nikarudi nyumbani. Mwezi wa kumi na tatu nundu ikaanza kujitokeza tena, kwa hivyo piga hesabu ya pesa kwa miaka. Na tundu lililoziba, sindano haitalifungua kamwe.

Nesi Likoni
Hapo pa saluni pananiuma roho. Mishipa ya damu ya pua imeungana na ya jicho. Jeli ikiingia kwenye mshipa, ngozi hukosa damu ikafa, na mtu aweza kupofuka. Ukiona ngozi imekuwa nyeupe ghafla au ina mabaka ya zambarau, maumivu makali, au macho yaingia giza, hapo ni dakika zinazohesabiwa, na dawa ya kuyeyusha iwe tayari kabatini. Muulize huyo wa saluni: hayaluronidesi yako iko wapi? Akibabaika, chukua mkoba wako uondoke. Jina la daktari yeyote litafute kwenye rejista ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, mtandaoni.

Mwana Mvita
Dada, mimi nilipasuliwa, ukuta wa kati unaotenga matundu ya pua na umbo kwa pamoja, kwa nusukaputi. Ukuta ulikuwa umejikunja kama herufi S. Daktari alitoa kipande kilichopinda cha gegedu, ule mfupa mlaini, akakichonga, akakitumia kuegemeza ncha ya pua. Wiki ya kwanza ndiyo mtihani: banzi juu ya pua, macho yamevimba na kuwa meusi, wapumua kwa mdomo kwenye joto la Februari, na kupenga kamasi ni marufuku. Mke wangu alikuwa akinilowesha midomo kwa kitambaa. Banzi lilitoka siku ya saba. Usiihukumu pua mapema: ngozi nene hushikilia uvimbe, ncha yangu ilichukua mwaka kutulia. Lakini usiku wa kwanza niliolala mdomo umefumba, niliamka kabla ya adhana, nikakaa tu kitandani navuta hewa.

Mama Swaleh
Samahani nawaingilia. Mwanangu wa miaka 11 jana alipigwa kiwiko mpirani. Pua imevimba, asema imeziba pande zote mbili. Ningoje uvimbe ushuke?

Nesi Likoni
Usingoje, mama. Mpeleke sasa hivi, Coast General au hospitali iliyo karibu. Damu ikikusanyika kwenye ukuta wa kati, gegedu hukosa lishe. Ikifa, mgongo wa pua hubonyea kama tandiko la punda. Damu hiyo hutolewa mara moja. Kama ni mfupa umehama tu, hurudishwa bila kupasua, mtoto ndani ya wiki moja hivi, mtu mzima wiki mbili. Ukishashikana, atangoja mpaka akue ndipo apasuliwe.

Mama Swaleh
Tuko kwenye tuktuk.

Bint Kisauni
Nesi, nimesoma nikalia. Wiki mbili zangu zilipita na hakuna aliyejua. Sindano nimeachana nazo. Jumatatu narudi kwa daktari, nimuulize kama nundu na ukuta vyafanywa siku moja, na gegedu ikipungua ataitoa wapi kama si sikioni, maana sikio langu lina keloidi, kovu nene lililovimba, tangu nilipotoboa. Kaka Mwana Mvita, ulilala na mito mingapi?

Mwana Mvita
Mitatu, wiki mbili nzima. Hiyo keloidi mwambie kabla ya yote.

Mama Swaleh
Ilikuwa damu kweli. Wameitoa, wamempakia pamba, amelala. Nesi, Mungu akuweke.